Je, Wajua? Volti Zinazojizaa Zenyewe

Je, wajua kwamba shaba na kobalti, madini mawili yaliyoijenga Lubumbashi, yakikutana ndani ya saketi huzaa umeme ambao hakuna aliyeuomba?

Opampu za zamani, yaani chipu za kukuza volti, zile zilizofungwa ndani ya kikopo cha chuma chenye miguu minane, zilikuwa na miguu ya aloi iitwayo Kovar: karibu asilimia 29 nikeli, asilimia 17 kobalti, na zaidi ya nusu chuma. Aloi hiyo ilichaguliwa kwa sababu hutanuka kwa joto karibu sawa na kioo, hivyo kioo kinachoziba tundu la mguu hakipasuki chipu inapopata moto. Tatizo ni kwamba mguu huo hulehemiwa kwenye bodi, na njia za bodi ni za shaba. Metali mbili tofauti zikiungana, na kiungo kimoja kikawa na joto kuliko kingine, volti ndogo hutokea. Thomas Johann Seebeck aligundua jambo hilo mwaka 1821. Kwa Kovar na shaba, kila nyuzi moja ya tofauti ya joto huleta mikrovolti 35 hadi 40 hivi. Ni kiasi kidogo sana, ila kazi ya opampu ni kukuza. Saketi inayokuza mara 1,000 itaigeuza nyuzi hiyo moja kuwa millivolti 40 kwenye tokeo, na fundi atabadilisha chipu hata tatu bila nafuu, maana chipu haikuwa na ugonjwa.

Kiungo chenye kutu ni kibaya zaidi. Shaba safi ikigusana na shaba iliyoota oksidi huweza kutoa karibu mikrovolti 1,000 kwa kila nyuzi moja. Ndiyo maana katika vipimo vya volti ndogo mtu anayeifahamu kazi husugua kwanza ncha za waya, hata kabla ya kuwasha kifaa.

Opampu, kwa msomaji ambaye hajawahi kufungua kifaa, ni chipu yenye maingizo mawili na tokeo moja. Huangalia tofauti ya volti kati ya maingizo hayo, huikuza mara laki moja au zaidi, kisha resista za mrejesho zinaishusha hadi kiwango anachotaka mbunifu: mara 10, mara 100, apendavyo. Imo ndani ya baadhi ya chaja za simu, ndani ya stabilaiza zinazolinda friji za watu wa Kamalondo na Katuba, ndani ya vidhibiti vya sola, mikisa za kanisani na vipimo vya viwanda vya shaba. Kinadharia, maingizo mawili yakiwa na volti sawa, tokeo ni sifuri. Ukichukua maltimita ukakuta millivolti 200 mahali ulipotegemea sifuri, umekutana na ofseti, au na kitu kinachojifanya ofseti. Kuvitenganisha viwili hivyo ndiyo kazi yenyewe, na nitairudia kazi hiyo hapa chini, kwa sababu nadhani ndiko wengi wanakopotea.

Je, wajua kwamba sifuri kamili haijawahi kutoka kiwandani?

Kwenye mlango wa opampu kuna transista mbili zilizokaa bega kwa bega, kama sahani mbili za mizani. Zinatakiwa zifanane, lakini mashine ya kuchora silikoni haiwezi kutengeneza pacha kamili. Eneo la moja likizidi la nyingine kwa asilimia 1 tu, mizani hulalia upande mmoja kwa mikrovolti 260 hivi kwenye joto la kawaida la chumba. Takwimu hiyo haitegemei mtengenezaji. Inatoka kwenye fizikia ya transista yenyewe, ambamo volti 0.026 ndiyo kipimo cha msingi kwenye joto hilo, na asilimia 1 ya hiyo ndiyo mikrovolti 260.

Chipu ya 741, iliyobuniwa na David Fullagar katika kampuni ya Fairchild na kutoka mwaka 1968, kwa kawaida ina ofseti ya millivolti 1, na karatasi ya mtengenezaji huiruhusu kufika 5 au 6 bila kuhesabiwa mbovu. LM358, ambayo pengine ndiyo opampu inayopatikana kwa urahisi kuliko zote kwenye meza za wauza vipuri wa Afrika, ina 2 au 3 na huruhusiwa hadi 7. Kwa hiyo LM358 mpya kabisa, halali, iliyokaa ndani ya saketi inayokuza mara 100, inaweza kutoa millivolti 700 pasipo ingizo lolote na bado ikawa nzima. Wengi huitupa.

Kuna hesabu ndogo inayowachanganya hata wanafunzi wa uhandisi. Saketi inayogeuza alama, yaani ile ambayo ingizo likipanda tokeo hushuka, ikiwa inakuza mara 10, ofseti yake hukuzwa mara 11, si 10. Ikikuza mara 1, ofseti hukuzwa mara 2. Sababu ni kwamba ofseti hukaa kwenye mguu wa opampu, haipiti kwenye resista ya kuingilia, kwa hiyo huiona saketi kutoka upande mwingine. Ukigawanya volti ya tokeo kwa namba isiyo sahihi, utamlaumu asiyehusika.

Jambo linalonifurahisha zaidi katika habari hii ni la mwaka 1975. George Erdi, mhandisi wa kampuni ya PMI huko California, alitoa OP07, opampu ambayo daraja lake la juu lilikuwa na ofseti isiyozidi mikrovolti 25. Hakuboresha mashine ya kuchora. Alipanga diodi ndogo za zena pembeni mwa silikoni, akapima kila chipu ikiwa tayari, kisha akaziunguza kwa makusudi baadhi ya diodi hizo mpaka mizani ikalala sawa. Faida ikawa maradufu: katika transista za aina hiyo, kila millivolti 1 ya ofseti huandamana na mteremko wa mikrovolti 3.3 hivi kwa kila nyuzi moja ya joto. Ukiiondoa ofseti kwa njia hiyo, unaondoa pia sehemu kubwa ya kubadilikabadilika kwake mchana na usiku.

Je, wajua kwamba enzi ya transista ilianza kwa madini yanayopatikana kwa wingi jirani na Lubumbashi, na kwamba madini hayohayo yakaachwa kwa sababu ya tatizo hilihili la volti kutotulia?

Kilomita 30 hivi kutoka mjini, mpakani na Zambia, uko mji wa Kipushi. Mgodi wake ulianza mwaka 1924 kwa jina la Prince Léopold, chini ya Union Minière du Haut-Katanga. Mwaka 1948 wanasayansi waliyatambulisha madini yenye rangi ya shaba iliyoingia uchungwa kutoka mgodi huo wakayaita renierite, kwa heshima ya mwanajiolojia wa Ubelgiji Armand Renier. Ndani yake mlikuwa na gerimani. Mwaka uleule wa 1948, maabara za Bell huko Marekani zikautangazia ulimwengu transista, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza ndani ya maabara mnamo Desemba 1947, na kipande chake cha katikati kilikuwa gerimani. Kipushi ikawa kwa miaka kadhaa miongoni mwa vyanzo vikubwa vya madini hayo duniani.

Gerimani ilikuwa na dosari moja ambayo mtu wa Katanga angeielewa haraka. Transista yake huvuja mkondo hata ikiwa imezimwa, na uvujaji huo huongezeka takriban maradufu kila joto linapopanda nyuzi 10. Lubumbashi imekaa kwenye kimo cha mita 1,200 hivi. Alfajiri ya Julai joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10, na mchana wa Oktoba, kabla mvua haijaanza, likapita 30. Amplifaya ya gerimani iliyowekwa sifuri asubuhi ya Julai ingekuwa inavuja mara nne ya hapo ifikapo alasiri ya Oktoba. Kwa redio si neno, kwa kuwa kapasita huzuia volti isiyobadilika isifike kwenye spika. Kwa kifaa cha kupima, ni balaa. Silikoni huvuja kidogo mno ukilinganisha, na katika miaka ya 1960 ikachukua nafasi karibu yote.

Gerimani haikupotea. Sehemu yake ilipitia kwenye matanuri na kuishia kwenye terril, kile kilima cheusi cha makapi ya tanuri kinachosimama pembeni mwa bomba refu la moshi na kuonekana karibu kila pembe ya mji. Mwaka 2024 Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, kupitia kampuni yake tanzu ya STL, iliingia ubia na Umicore ya Ubelgiji ili kuichakata gerimani ya terril, na mwaka huohuo shehena ya kwanza ikasafirishwa. Umicore, kwa asiyejua, ndilo jina ambalo Union Minière ilijipa mwaka 2001. Aliyetupa makapi amerudi kuyanunua. Siku hizi gerimani inakwenda kwenye nyaya za mwanga za intaneti, kwenye lenzi za kamera zinazoona joto na kwenye paneli za sola za setilaiti.

Je, wajua millivolti 3 zina uzito gani? Katika kiwanda cha shaba, zinaweza kuwa na uzito wa kilo 14.

Shaba ya Katanga husafishwa kwa umeme. Sahani hutumbukizwa kwenye matangi ya asidi, mkondo mnyoofu wa maelfu ya ampea hupitishwa, na shaba hujenga tabaka kwenye sahani ya hasi. Sheria ya Faraday haina upendeleo: kila ampea moja ikipita kwa saa moja, kiwango cha juu kabisa cha shaba kinachoweza kushikamana ni gramu 1.186. Ampea 10,000 kwa siku nzima hutoa basi kilo 284 na nusu hivi kwa kila tangi. Njia mojawapo ya kuupima mkondo huo ni shunti, bamba nene la metali lililopangwa ili ampea 10,000 zikipita, volti kati ya ncha zake iwe millivolti 60. Opampu husoma millivolti hizo 60 na kuzikuza. Sasa weka LM358 yenye ofseti ya millivolti 3. Ni asilimia 5 ya kipimo chote, yaani ampea 500, yaani kilo 14 za shaba kwa kila tangi kwa siku, ambazo mita inaziona na sahani haizioni, au kinyume chake. Na matangi kwenye safu moja ni mengi.

Mita hiyohiyo, ikiwa na OP07 ya mikrovolti 25, ingekosea kwa ampea 4 tu. Bei ya chipu ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza, lakini ukiilinganisha na bei ya shaba inayopotea kwenye hesabu za siku moja, sioni la kujadili.

Mizani ya betri za sola ina tatizo lilelile kwa udogo. Kidhibiti kikihesabu ampea zinazoingia na kutoka, ofseti ndogo hujumlishwa saa baada ya saa. Saketi ya kujumlisha yenye muda wa sekunde 1, ikipewa ofseti ya millivolti 1, itapanda millivolti 1 kila sekunde. Chini ya saa tatu imefika volti 10 bila betri kupokea wala kutoa chochote. Ukiona kipimo kinadai betri imejaa wakati taa zinafifia, usikimbilie kuilaumu betri.

Basi twende kwenye meza ya fundi. Kifaa kimeletwa, tokeo linaonyesha volti ambazo hazina sababu. Mara nyingi mteja mwenyewe ameshatoa hukumu: "Papa, hiyo IC imekufa, weka nyingine." Mimi ningemsihi fundi asishike chuma cha kulehemu kwanza.

Kwanza, chanzo cha umeme. Saketi nyingi za vipimo na sauti hutumia pande mbili, tuseme chanya 12 na hasi 12. Katika mji ambao umeme wa shirika la SNEL hukatika kwa mgawo, ule wanaouita délestage, na kurudi kwa kishindo, fyuzi au diodi ya upande mmoja inaweza kuungua huku taa ya kifaa ikiendelea kuwaka kwa upande uliobaki. Opampu iliyopoteza upande wa hasi haiwezi tena kushuka hadi sifuri. Hiyo si ofseti hata kidogo, na chipu mpya itafanya vilevile.

Pili, pima volti kati ya maingizo mawili ya opampu, moja kwa moja kwenye miguu. Mrejesho ukiwa unafanya kazi, tofauti haipaswi kuzidi millivolti chache. Ukikuta nusu volti, saketi haijafunga mzunguko wake: resista ya mrejesho imekatika, lehemu imepasuka, tokeo limegonga ukingo wa chanzo, au chipu kweli imekufa. Kipimo hiki kimoja hutenganisha maiti na wagonjwa, na huchukua sekunde tano. Kinanishangaza kwa jinsi kinavyorukwa.

Tatu, unganisha ingizo la saketi na ardhi, ile ambayo mafundi wa Lubumbashi huiita masi, kwa waya mfupi, palepale karibu na chipu. Volti ikitoweka kwenye tokeo, ilikuwa inatoka nje: kwenye kihisi, kwenye kebo, au kwenye waya wa ardhi unaobeba mkondo wa kitu kingine. Waya wa ardhi si mahali pa sifuri. Una ukinzani, na mkondo wa mota au wa feni ukipita humo huacha volti njiani. Volti ikibaki, igawanye kwa ukuzaji sahihi, ukikumbuka ile hesabu ya 11. Jibu likiwa chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi ya mtengenezaji, chipu ni nzima na wewe unahitaji chipu bora zaidi, si chipu nyingine ya jina lilelile.

Jibu likizidi kiwango, tazama resista. Kila opampu ya kawaida hunywa au kutema mkondo mdogo kwenye maingizo yake. Kwa LM358 ni nanoampea 45 hivi, kwa 741 ni 80. Pitisha nanoampea 45 kwenye resista ya megaomu 1 na utapata millivolti 45, kubwa mara nyingi kuliko ofseti ya chipu yenyewe. Jaribio ni rahisi: punguza resista zote za mrejesho mara kumi huku ukibakiza uwiano. Volti ikishuka karibu mara kumi, mkosaji ni mkondo wa ingizo. Isiposhuka, ni ofseti ya kweli. Dawa ya mkondo ni kuyafanya maingizo mawili yaone ukinzani sawa, au kuhamia opampu ya JFET kama TL072, ambayo mkondo wake hupimwa kwa pikoampea. Nao huongezeka takriban maradufu kila nyuzi 10, kwa hiyo ndani ya sanduku la chuma linalopigwa na jua la Oktoba usitegemee miujiza.

Kosa linalofanana na hilo ni la kapasita iliyowekwa kwenye ingizo ili kuzuia mkondo mnyoofu, bila resista yoyote ya kuteremsha mkondo wa chipu hadi ardhini. Mkondo ule mdogo hauna pa kupita, unaijaza kapasita polepole, na tokeo linapanda hadi linagonga ukingo. Kifaa huonekana kizima dakika za kwanza, kisha kinakufa, kisha kinafufuka kikizimwa na kuwashwa. Mteja husema kina mashetani.

Na LM358 kwenye chanzo cha upande mmoja? Tokeo lake linaweza kukaribia sifuri, kwa sharti kwamba halilazimishwi kumeza mkondo mwingi huko chini. 741 kwenye chanzo hichohicho haiwezi kabisa. Hubaki volti moja au mbili juu. Fundi aliyebadilisha LM358 kwa chipu ya familia ya 741, akitohoa miguu kwa waya, ameunda "ofseti" ya volti 2 kwa mikono yake.

Vumbi nalo lina sehemu yake. Miezi ya kiangazi, Mei hadi Septemba, vumbi la barabara za Ruashi na Kampemba huingia ndani ya kila kifaa chenye feni. Likiwa kavu halina madhara makubwa. Novemba mvua ikianza, vumbi hilo hunywa unyevu, na njia kati ya mguu wa volti 12 na mguu wa ingizo huanza kupitisha umeme. Gigaomu 1 inaonekana kama ukuta, ila volti 12 kupitia humo ni nanoampea 12, na kwenye resista ya megaomu 1 hizo ni millivolti 12. Mabaki ya dawa ya kulehemia hufanya vilevile. Pombe ya isopropili na brashi ya meno huponya saketi nyingi kuliko chipu mpya, na wala sifanyi mzaha.

Je, wajua kwamba taa ya mezani inaweza kubadilisha ofseti? Diodi ndogo za kioo, kama 1N4148, zina silikoni iliyo wazi mbele ya mwanga, na mwanga huzalisha mkondo ndani yake. Ikiwa diodi kama hiyo inalinda ingizo la saketi nyeti, izibe kwa kiganja na utaona kipimo kikihama.

Simu nayo: mtandao wa GSM hutuma mawimbi kwa vifurushi 217 kila sekunde, na ndiyo sababu spika hunguruma kabla simu haijalia. Transista za ingizo la opampu huyageuza mawimbi hayo kuwa volti isiyobadilika pamoja na mngurumo. Kituo cha redio kilicho jirani, kisichokatiza mawimbi yake, huleta volti peke yake bila sauti ya kumtaja, na maltimita huisoma kama ofseti halali. Vivyo hivyo opampu inayotetema yenyewe kwa sababu ya kebo ndefu kwenye tokeo: maltimita haioni mtetemo wa mamia ya kilohezi, huona wastani wake. Osiloskopu huumbua jambo hilo mara moja. Asiye nayo aguse tokeo kwa ncha ya resista ya kiloomu kadhaa na atazame kama namba inaruka.

Kabla ya transista, opampu zilikuwa za mirija ya kioo. K2-W ya kampuni ya George A. Philbrick, iliyoanza kuuzwa 1953, ilikuwa na mirija miwili na ilitaka chanya 300 na hasi 300 za volti. Jina lenyewe la amplifaya ya operesheni lilikuwa limeshaingia kwenye maandishi mwaka 1947 kupitia John Ragazzini wa Chuo Kikuu cha Columbia. Kompyuta za analogia zilizotumia mirija hiyo ziliachwa zipate moto kwanza, kisha kila amplifaya ikasawazishwa kwa mkono kabla ya hesabu kuanza. Edwin Goldberg wa RCA alipata njia ya kukwepa adha hiyo mwaka 1949: kukatakata volti ndogo isiyobadilika iwe mkondo geu, kuikuza, kisha kuirudisha ilivyokuwa. Opampu za leo zenye ofseti ya mikrovolti chache zinajisawazisha kwa wazo hilohilo, mara maelfu kwa sekunde.

 

Si kila mashine isiyotulia huishia kwa fundi. Mjini Lubumbashi yuko msanii aliyesomea umeme, Jean Katambayi Mukendi, mzaliwa wa hapohapo mwaka 1974, anayejenga mashine za kadibodi, waya wa shaba na vipuri vya kielektroniki. Michoro yake ya taa, Afrolampes, imezunguka maonyesho ya nje. Si mahali pengi ambako mashine isiyotabirika hutundikwa ukutani badala ya kurudishwa kwa fundi.

La mwisho ni mtego ambao huwanasa hasa wale walioamua kufanya vizuri. Kwenye 741, ofseti hurekebishwa kwa potenshiomita ya kiloomu 10 kati ya miguu 1 na 5, na mguu wa katikati wa potenshiomita huenda kwenye upande wa hasi. OP07 hukaa kwenye soketi ileile, ila marekebisho yake yako miguu 1 na 8, na katikati huenda upande wa chanya. Fundi anayechomoa 741 na kuchomeka OP07 bila kuiondoa potenshiomita ya zamani anauvuta mguu wa 1 kuelekea hasi, na chipu ya thamani inatoa ofseti kubwa kuliko ile aliyoitoa. Karatasi ya mtengenezaji inasema wazi: ondoa potenshiomita kwanza.

Ikiwa imeondolewa, miguu ni safi, ingizo limefungwa ardhini, na bado OP07 inaonyesha millivolti 2 kwenye ingizo, basi kuna uwezekano mmoja zaidi. Chipu za bei nafuu hufutwa jina na kuandikwa jina la chipu ghali, biashara inayojulikana katika masoko ya vipuri duniani kote. OP07 halali ya daraja la kawaida haipiti mikrovolti 150. Wino juu ya kikopo unaweza kuandika lolote. Millivolti 2 ni sauti ya 741.